Suka, Usivute

Vidole vyangu vilistaafu kabla yangu. Asubuhi vinakataa kukunjika mpaka nivipashe moto kwenye kikombe cha chai, na hata hapo vinakunjika kwa masharti. Sivilaumu. Vimesuka vichwa vya mji wa Litein tangu enzi ya uzi mweusi hadi enzi hii ambapo binti anaingia saluni, ananyoosha simu na kusema, "Mami, nataka hii." Nikiitazama hiyo picha naona mwanamke mwenye nywele nyingi kama kichaka cha chai kilichosahaulika, na huyo aliyekaa mbele yangu ana nywele za kujaza kijiko. Nilijifunza kutocheka, ingawa ilinichukua muda.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii ya ususi, wasichana na wavulana pia, kwa maana siku hizi wavulana wanasuka, na wengine wanasuka vizuri kiasi cha kuniudhi. Jina langu ni Kerubo, ila sokoni wananiita Mama Moraa, kwa jina la binti yangu. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, nami nikazaliwa humo humo, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilichuma chai nikiwa msichana. Sikuipenda, lakini ilinipa vidole.

Mtu wa kwanza kunifundisha kusuka alikuwa baba, naye hakuwahi kugusa nywele za mtu. Jioni alisuka kamba za mkonge za kuwauzia wenye ng'ombe, na mimi nilikaa upande wa pili nikimshikia ncha. Uzi wa kulia unapita juu ya ule wa katikati, wa kushoto unapita juu ya ule wa katikati, unarudia hivyo hivyo mpaka mkonge uishe. Ukishajua hapo unaweza kusuka karibu kila kitu. Akina mama wa vitunguu saumu pale sokoni wanasuka mikia ya vitunguu ili ining'inie jikoni bila kuoza. Wazee wa kike wa Kipsigis wanasuka nyasi iitwayo segutiet, wanapata vikapu, na wanapata pia vikuku ambavyo bwana na bibi harusi wanafungana mkononi. Nyasi moja unaikata kwa kucha, ila zikisukwa unaweza kufungia ndama. Tofauti ya kamba na kichwa ni kwamba kamba haisikii uchungu. Hilo baba hakunifundisha. Nilifundishwa na Wairimu.

Wairimu alikuja Litein kutoka upande wa Murang'a pamoja na mumewe, aliyefungua duka la misumari na mabati. Mume aliuza ndani, yeye alisuka nje barazani, na wateja wake walikuwa wengi kuliko wa mabati. Alikuwa na bonde jembamba kwenye paji la uso, lililoachwa na mkanda wa kubebea kuni na maji tangu utotoni. Nilipomwendea kuomba kazi hakuniuliza shule wala umri. Alisema, "Leta vidole." Akavipindua, akaona ule weusi wa utomvu wa chai usiotoka hata kwa ndimu.

"Umechuma majani?"

"Nimechuma."

"Basi unajua kuchukua kidogo kidogo. Wengine wakikuja hapa wanashika nywele kama wanang'oa magugu. Kaa chini."

Nikadhani nakaa ili nifundishwe. Kumbe nimekaa ili nisukwe. Alinisuka matuta kando ya uso kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na mwanamke aliyebeba kuni maisha yake yote ana nguvu. Alipomaliza akasimama mbele yangu na kuniambia, "Cheka." Sikuweza. Ngozi ya mashavu ilikuwa imekwenda juu pamoja na nywele. Akaniambia nitafune, nikatafuna kama bibi asiye na meno. Akaniambia nifumbe macho, na macho yakabaki wazi kidogo kama ya mtu anayechungulia. Mumewe alitoka na pakiti ya misumari mkononi, akanitazama, akarudi ndani.

"Haiya, sasa umejua vile mteja anasikia," Wairimu akasema huku akifumua. "Kichwa si mzigo ya kuni. Suka, usivute."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ninayowaachia. Ukimaliza kumsuka mtu, mwambie acheke, atafune, afumbe macho. Akishindwa na moja tu, fumua hapo kando ya uso urudie. Atalalamika kwamba unampotezea wakati. Mwache alalamike, hiyo ni dalili kwamba mdomo unafanya kazi.

Mambo mengine niwaambie haraka, maana hayana hadithi. Rasta mpya, zile nywele za plastiki za kuongezea, loweka kwenye maji yenye siki kabla ya kusukia, utaona povu jeupe likipanda juu; povu hilo ndilo linalowasha na kuwafanya watu wajipige kichwa kanisani kama wanaoua nzi. Anza tuta na nywele za mtu mwenyewe, ndipo uongeze rasta kidogo kidogo. Mkia wa kitana uwe mwembamba lakini usiwe mkali, unachora njia, hauandiki kwa wino. Na usisuke nywele mbichi. Hapa kwetu mvua huja mchana, wakati ule ule akina mama wanapotoka kupima majani kwenye kituo, na wanaingia saluni wakiwa na vitambaa vilivyoloa. Kausha kwanza. Nywele zikifungwa zikiwa na maji hunuka kama gunia lililosahauliwa nje.

Mvua ya mawe ikija, hiyo ni baraka ya msusi. Kila mtu anakimbilia kwako, na hakuna anayeweza kutoka, hasa yule uliyemsuka nusu ya kichwa. Nimesikia siri za mji huu wote wakati wa mvua ya mawe. Sitaziandika hapa, wenyewe wako hai na wengine wananisalimia vizuri sana.

Msijidanganye kwamba mnasuka urembo tu. Kichwa kinasema mambo kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Mwanafunzi anakuja na mistari iliyonyooka kuelekea nyuma, na mama yake amesimama karibu akihakikisha hakuna hata mmoja unaopinda, kwa sababu mwalimu mkuu naye atahakikisha. Mwenye safari anataka nywele zitakazokaa. Mama mjamzito wa miezi ya mwisho anataka nyepesi zisizohitaji kushughulikiwa. Na aliyefiwa ananyoa. Kisha miezi inapita, na siku moja anaingia mlangoni, anakaa, na wewe unajua ameamua kuendelea kuishi. Nilikuwa na mjane mmoja wa namna hiyo, nywele zake zimeota kiasi cha ukucha. Alinong'ona, "Nisuke tu kidogo, isionekane. Majirani wataongea." Nikamsuka vijituta vidogo kabisa. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Aliporudi mara ya pili alitaka mtindo wa kuzunguka kama konokono, na mara ya tatu aliniuliza kama nina rangi nyekundu. Nilifurahi mpaka nikamsukia bure, na majirani wakaongea kweli.

Lakini kichwa ambacho sitakisahau ni cha Chelangat.

Chelangat aliuza katika duka la dawa za mifugo, hatua chache kutoka saluni yangu. Kwao ni upande wa Siongiroi. Msichana mchangamfu, angeweza kukuuzia dawa ya kupe hata kama huna ng'ombe. Siku moja ya mvua aliingia akiwa amevaa marvin, ile kofia ya sufu, imevutwa mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye benchi na kuwapisha wateja wote wamtangulie. Tulipobaki wawili akafunga mlango.

"Mama Moraa, usishtuke."

Akavua marvin. Nilishtuka, ila kwa ndani. Nywele za katikati zilikuwepo, dhaifu. Kando zote mbili za uso, kutoka juu ya masikio hadi karibu na nyusi, hapakuwa na kitu. Ngozi tupu inayong'aa. Alikuwa amesukwa rasta nzito juu ya rasta nzito bila kupumzika, kisha akavaa wigi ya gundi ili kuficha, na gundi ikaondoka na kile kidogo kilichobaki.

"Koito ni Jumamosi ya wiki ingine," akasema. Koito, kwa asiyejua, ni siku watu wa mwanamume wanapokuja kwa kina msichana kuzungumza mahari, na wakielewana, wawili hao wanabarikiwa mbele ya watu wote. "Nilisha-postpone. Nilisema Kogo ni mgonjwa." Kogo ni bibi yake. "Na Kogo si mgonjwa, ako shamba anapalilia. Siwezi sema hivyo tena."

"Na Kiprono ameona?" Kiprono ndiye mwanamume mwenyewe.

"Hajawahi ona. Nikikuwa na yeye niko na wigi ama rasta. Lakini si yeye naogopa sana, ni mamake. Huyo mama anachuma majani na mdomo yake inachuma watu. Akiona hii kichwa atasema niko na ugonjwa nimeficha. Watarudi na ng'ombe zao, Mama Moraa. Na mimi nampenda Kiprono."

Akalia. Nilihuzunika, na nilikasirika pia, kwa sababu aliyemfanyia hivyo alikuwa msusi, mtu wa kazi yangu, ambaye hakumwambia acheke. Nikapapasa zile sehemu tupu kwa ncha ya kidole. Kwa mbali nilihisi vinyweleo, laini kama vya mtoto mchanga.

"Mizizi iko," nikamwambia. "Lakini wakivuta hapa tena, hata mara moja, hutaziona tena."

Nitawaambia mapema ili msikae na wasiwasi: nywele zilirudi, polepole, upande wa kushoto ukitangulia. Ila siku ile hakuna aliyejua hilo, na koito ilikuwa inakuja.

Kesho yake aliingia senge yake, yaani shangazi. Mwanamke mrefu, amependeza, nywele zimemwagika mabegani, na mkononi mfuko uliojaa rasta.

"Mama Moraa, hii inafika kwa kiuno. Weka yote."

"Senge, hii haitashika. Hakuna nywele ya kushikia."

"Si ndio kazi yako? Watu wanatoka mpaka Nairobi. Hatuwezi toa msichana nje na kichwa kama ya kuku amenyeshewa."

"Nikiweka hii, mwezi ujao hata hiyo ya kuku hatakuwa nayo."

"Basi tutaenda Bomet. Huko kuna saluni haziulizi maswali."

Ningeweza kubishana naye mpaka jioni, lakini kichwa hakikuwa changu. Chelangat alikuwa amekaa katikati yetu akikunja na kukunjua ile marvin. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Senge, kichwa ni yangu. Mama Moraa ndio atanisonga."

Senge alinitazama kama mtu anayesoma tarehe kwenye dawa iliyopitwa na wakati. Akaondoka, lakini mfuko wa rasta akauacha kwenye kiti, labda nitabadilisha mawazo.

Niliamua kumsuka kwa uzi wa sufu, katikati tu, matuta mepesi yanayozunguka kuelekea utosini, na kando nisiguse kabisa. Uzi wa sufu ulikuwa na sababu ya pili, nayo ni siagi. Kwenye koito wanapaka siagi ya kienyeji kama baraka, na rasta za plastiki zikipata mafuta zinateleza. Nilishawahi kuona kwenye koito nyingine rasta moja ikichomoka kichwani kwa bibi harusi na kutua kwenye paja la mzee aliyekuwa akitoa hotuba. Mzee aliiokota, akaikagua, akaiweka mfukoni, akaendelea. Sufu haifanyi hivyo. Sufu inakunywa siagi na kushikilia zaidi. Nilijiona mjanja sana.

Siku moja kabla ya koito nilikwenda Siongiroi na kitana changu na mipira ya sufu. Tulikaa nje ya jikoni, chini ya mabati, Chelangat kwenye stuli na mimi nyuma yake. Karibu nasi alikaa Kogo, mzima wa afya, akisuka kikapu kwa nyasi ya segutiet aliyoilowesha kwenye beseni. Alisuka chake, nikasuka changu. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile sehemu tupu.

"Hapo?"

"Hapo sigusi, Kogo. Tutafunga kitambaa."

"Kitambaa ni ya shamba," akasema.

Akaweka kikapu chini. Akachagua nyasi ndefu kwenye beseni, moja moja, akizipitisha midomoni kuhisi kama zimelainika, na kuanza kusuka kitu kingine. Nilijaribu kuendelea na kazi lakini macho yalikuwa kwake. Alisuka kwa nyuzi tano, si tatu, na ule msuko ukatoka bapa kama mkanda. Kila baada ya muda alimpima mjukuu wake kuzunguka kichwa, kisha anarudi kusuka. Mwisho akashonea shanga nyeupe na buluu pembeni. Alipokuja kumvika nilimsaidia kufunga kwa nyuma, nikakaza kidogo, akanipiga mkono.

"Hapana vuta. Kapisa!"

Hakuwahi kukutana na Wairimu, lakini sheria ilikuwa ile ile. Nilicheka peke yangu.

Mkanda ule ulikaa juu ya nyusi na kufunika kando zote mbili kana kwamba ulizaliwa hapo. Juu yake matuta ya sufu yakizunguka. Chelangat alijitazama kwenye simu, akageuza uso huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu aingie saluni yangu na marvin nikamwona akitabasamu na meno. Hata Senge alikuja, akazunguka kichwa kile kama mnunuzi wa ng'ombe, akasema, "Ee. Hii ni sawa." Akapiga picha akaituma kila mahali.

Siku ya koito kulikuwa na hema, na vyakula, na mursik, yale maziwa ya kugandisha, kwenye vibuyu, na akina mama wa upande wa Kiprono walioshuka wakiimba. Wazee walijifungia ndani kuzungumza mahari, wakazungumza mpaka wapishi wakaanza kulalamika. Hatimaye mlango ukafunguliwa, na nyuso za wazee zikawa za watu walioelewana. Vigelegele vikapanda. Kiprono na Chelangat wakatolewa nje, wakasimamishwa mbele ya watu, na mimi nikasogea karibu na mlango wa jikoni ili nione kazi yangu ikisifiwa.

Mama Kiprono akaja na siagi kwenye kibuyu kidogo. Mwanamke mfupi, mpana, kitambaa kimefungwa kichwani na fundo mbele. Akachovya vidole, akampaka mwanawe kwenye paji la uso, kisha kando ya uso, kulia na kushoto, akimwombea kwa Kipsigis.

Mimi nilidhani siagi inapakwa utosini, kwa sababu kwenye ile koito ya rasta iliyochomoka walipaka utosini. Kumbe kila ukoo una namna yake, na huu unapaka kando ya uso. Senge alijua, Kogo alijua, nyumba nzima ilijua, na kwa furaha ya ule mkanda hakuna aliyekumbuka. Baadaye Senge alisema alidhani Kogo amelifikiria hilo. Kogo akasema alidhani fundi amelifikiria. Fundi ndiye huyu mnayemsoma.

Mama Kiprono akageukia Chelangat.

"Toa hii, mtoto wangu. Siagi ni ya mwili, si ya nyasi."

Chelangat akaweka mikono yote miwili juu ya mkanda na kuushikilia. Watu wakangoja. Senge akanitafuta kwa macho mpaka akanipata pale mlangoni, na nikatamani mvua ya mawe inyeshe hapo hapo.

"Toa, usiogope," Mama Kiprono akarudia, na yeye mwenyewe akaingiza kidole akauinua kidogo upande mmoja.

Akaona. Nilimwona akiona. Aliurudisha mkanda haraka, akasimama na siagi ikimtiririka mkononi. Machozi yalikuwa yameanza kushuka kwa Chelangat, na huyo mama ambaye mdomo wake ulikuwa unachuma watu akatazama upande wa wazee. Nilihesabu ng'ombe wote wakirudi kwao.

Kisha akageuka akapaza sauti.

"Wanaume, angalieni ng'ombe kidogo! Mara moja tu. Hii ni mambo ya wamama."

Wazee walishangaa, lakini mtu hamkatalii mwanamke mwenye siagi mkononi. Wakageuka wote kuelekea zizini, hata mchungaji wa kanisa, hata Kiprono. Akina mama wakasogea wakafanya ukuta. Mama Kiprono akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nini ilikuvuta hivi?"

"Rasta, Mama. Na gundi."

"Mimi ilikuwa kamba ya kuni. Halafu uzi. Halafu hii kitambaa ya majani, kila siku nafunga, nakaza."

Akafungua fundo, akavua kitambaa. Kando ya uso wake palikuwa peupe kama kiganja, na nywele zake zimeanzia mbali kule juu. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha mama mmoja wa upande wao naye akafungua kitambaa chake. Hali ile ile. "Wewe umeanza mapema tu," akamwambia Chelangat, na hapo wote wakaangua kicheko.

Nikamtazama Senge. Alikuwa amesimama wima kama nguzo. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akashika zile nywele nzuri zilizomwagika mabegani na kuzivua zote kwa mkono mmoja. Chini yake alikuwa amenyoa kama mwanafunzi wa bweni, kando hamna kitu. Kogo alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema jambo kwa Kipsigis ambalo hakuna aliyekubali kunitafsiria mpaka leo.

"Na fundi?" mtu akauliza.

Wakageuka wote kunitazama. Sasa niwaambie nyinyi mlionijua miaka yote nikiwa na kilemba na kudhani ni heshima. Nywele zangu za kando zilianza kuisha nikiwa msichana, kabla sijamjua Wairimu, kwa matuta ya kubana na kitambaa cha kuchumia chai, na zilizobaki zikafuata baadaye. Nikafungua. Kelele iliyotoka hapo iliwafanya ng'ombe wainue vichwa.

Chelangat alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na siwezi kuwaambia ni kipi kilikuwa kingi. Akafungua mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akampa Kogo aushike. Mama Kiprono akachovya vidole kwenye siagi.

"Ngoja, Mama," Chelangat akasema.

Akajipangusa uso. Akatazama juu ya vichwa vya akina mama, kule zizini walikosimama wanaume wakiwa wametupa migongo.

"Kiprono. Geuka."

Kicheko kikazima. Akina mama wakaachia nafasi. Kiprono akageuka, siagi yake bado inang'aa kwenye paji la uso, akaja mpaka akafika mbele yake. Alimtazama upande mmoja, akamtazama upande wa pili, bila haraka. Mimi sikuweza kuangalia uso wake, niliangalia mikono, nayo ilikuwa imetulia.

"Mama," akasema, "hapo kando weka mingi. Hapo ndio kunataka."

Mamake akachota tena.